Karatasi, Nta na Masizi ya Baruti

Mhadhara wa wazi kwa wapenzi wa historia na watunzaji wa makumbusho

 

Vitabu vyetu vya historia huitaja bunduki kila mara. Tunaambiwa nani aliileta, nani aliiuza, nani aliitumia kumtiisha nani. Ni nadra kuambiwa ilifanyaje kazi mikononi mwa aliyeishika, na ilimsumbua wapi. Jioni hii nitazungumzia usumbufu mmoja tu: masizi yanayobaki ndani ya mtutu baada ya baruti nyeusi kuungua, na dawa mbili zilizobuniwa kuyakabili, yaani karatasi inayoviringishwa juu ya risasi na mafuta yanayopakwa kwenye karatasi hiyo au kuwekwa nyuma yake. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba jambo hili liliamua umbo la bunduki kwa zaidi ya nusu karne, likagusa dini za watu, na likafika hata huku kwetu, Pangani na Tanga. Sikuja kufundisha mtu kupiga bunduki, na wenye nia hiyo watatoka hapa mikono mitupu.

Nina hoja tano. Baadhi nitazipita upesi. Ya tatu nitakaa nayo, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niichunguze mada hii.

Hoja ya kwanza: zaidi ya nusu ya baruti nyeusi haigeuki kuwa gesi

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti. Kipimo cha Waingereza katika karne ya 19 kilikuwa shura 75, makaa 15 na kiberiti 10 katika kila mia. Shura hutoa oksijeni, makaa huungua, kiberiti husaidia moto ushike haraka. Hadi hapo kila aliyesoma kemia ya sekondari anafuata. Linalosahaulika ni kwamba shura ina potasiamu, na potasiamu haipotei kwa kuungua. Andrew Noble, mtaalamu wa mizinga, na Frederick Abel, mkemia wa idara ya vita ya Uingereza, waliilipua baruti ndani ya vyombo vya chuma vilivyofungwa kabisa, kisha wakapima kilichomo. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1875 walionyesha kwamba, kwa uzito, karibu asilimia 43 tu ya baruti hugeuka gesi. Asilimia 57 iliyobaki huwa chumvi za potasiamu: kaboneti, salfeti, salfaidi, na mabaki mengine.

Tuifanye hesabu hiyo kwa bunduki ya kweli. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, silaha ya askari wa miguu wa Uingereza, ilijazwa baruti karibu gramu 4.4 kwa kila risasi. Asilimia 57 ya hizo ni gramu 2 na nusu. Askari aliyebeba risasi 60 za kawaida alikuwa amebeba mabaki ya baruti gramu 150 yanayosubiri kuzaliwa. Sehemu kubwa ya mabaki hayo hutoka mdomoni mwa mtutu, na ndiyo yanayoufanya moshi wa baruti nyeusi uwe mweupe na mzito. Lakini sehemu nyingine hugandamana na chuma, na risasi inayofuata hulazimika kupita juu yake.

Mabaki haya yana tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Siku yenye mvuke mwingi huwa ute mweusi wenye harufu ya yai bovu, unaoteleza na kufutika kwa urahisi. Siku ya jua kali na hewa kavu hugeuka ukoko mgumu kuliko ule wa sufuria ya wali, na kila risasi huongeza tabaka jipya. Ute ni rafiki wa mpigaji na adui wa chuma, kwa sababu unyevu uleule unaolainisha masizi huleta kutu kabla ya siku kuisha. Ukoko mkavu ni kinyume chake. Mtu wa Tanga na mtu wa Dodoma wakipewa bunduki ileile, watakuja na malalamiko tofauti kabisa, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Dawa ya asili ya chumvi hizi ni maji. Ndiyo maana askari wa zamani waliiosha mitutu kwa maji ya moto, wakaikausha, ndipo wakapaka mafuta. Hata leo wapiga shabaha wanaoendeleza bunduki za baruti nyeusi huonekana wakipuliza pumzi ndani ya mtutu kwa mrija baada ya kila risasi. Wanachotafuta ni unyevu wa pumzi yao. Na wanapochagua mafuta, wengi hukwepa yale ya petroli, kwa kuwa yakichanganyika na masizi ya baruti nyeusi huelekea kuwa kitu kama lami. Huchagua shahamu, mafuta ya mimea na nta ya nyuki.

Hoja ya pili: mifereji ya ndani ya mtutu ndiyo iliyoikuza shida hii

Bunduki ya askari wa karne ya 18 ilikuwa na mtutu laini, na risasi yake ya mviringo ilikuwa ndogo kuliko tundu. Ile maarufu ya Waingereza, Brown Bess, ilikuwa na tundu la milimita 19 na risasi ya milimita 17 na nusu hivi. Pengo hilo liliachwa makusudi ili masizi yapate nafasi na askari aendelee kujaza. Gharama yake ilikuwa shabaha: risasi ilitoka ikigongagonga kuta za mtutu, na alama ya mita mia ilikuwa ya kubahatisha.

Bunduki ya mifereji iliyopinda kama skrubu huizungusha risasi, na risasi inayozunguka hushika njia yake. Ila ili mifereji iishike risasi, lazima risasi ijae tundu. Na risasi inayojaa tundu safi haiingii kwenye tundu lenye ukoko. Wakati wa vita vya Napoleon, askari wa Uingereza waliopewa bunduki za mifereji za Baker walipewa pia, mwanzoni, nyundo ndogo za mbao za kuigongea risasi iingie. Fikirieni mtu aliye vitani, adui anakaribia, naye anagonga nyundo.

Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa jibu mwaka 1849. Risasi yake ilikuwa ndefu, na kitako chake kilikuwa na shimo. Iliingia kwa urahisi kwa kuwa ni ndogo kuliko tundu, na baruti ilipolipuka, gesi iliupanua mkia wake ukakamata mifereji. Waingereza wakaliendeleza wazo hilo katika Enfield. Tundu lao lilikuwa inchi 0.577 na risasi ya mwanzo inchi 0.568. Tofauti ni robo ya milimita tu, na ndani ya robo hiyo ilibidi karatasi, mafuta na masizi vyote vitoshe.

Naomba tuitazame katriji yenyewe kwa karibu, kwa sababu kila kitakachofuata kinatoka humo. Ilikuwa bomba la karatasi. Upande mmoja ulikuwa na baruti. Upande wa pili ulikuwa na risasi, ncha yake ikielekea ndani, upande wa baruti, na karatasi iliyoizunguka ilichovywa kwenye mafuta. Askari aliichukua mfukoni, akaichana kwa meno upande wa baruti, akaimimina baruti ndani ya mtutu. Kisha aliigeuza, akaisukuma risasi mdomoni mwa mtutu ikiwa bado ndani ya karatasi yake yenye mafuta, akaikata karatasi iliyobaki juu, akashindilia kwa mdeki, akaweka fataki.

Karatasi hiyo ilifanya kazi tatu kwa pamoja. Iliziba pengo. Iliitenga risasi na chuma ili isiache tope lake kwenye mifereji. Na iliyabeba mafuta mpaka chini, ikiyafuta na kuyalainisha masizi ya risasi iliyotangulia. Kila risasi ilijisafishia njia. Mafuta yalipokauka au kuyeyuka, mfumo mzima ulikwama.

Mwalimu pale nyuma ameniandikia kikaratasi akiuliza kama karatasi haikuungua. Haikuungua. Ilipasuka kwa nguvu ya mlipuko na msokoto wa mifereji, ikatoka mdomoni vipande vipande, na risasi ikaendelea peke yake.

Hoja ya tatu: swali la mafuta liliulizwa nusu tu

Sasa tumefika India. Mwaka 1857 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikuwa na majeshi makubwa ya askari wa Kihindi. Kampuni ilianza kuleta Enfield kuchukua nafasi ya bunduki za mtutu laini, na mafunzo yakaanzishwa katika vituo vya Dum Dum, Ambala na Sialkot. Katriji zilihitaji mafuta. Kipimo kilichotoka Uingereza kilikuwa na shahamu kwa wingi na nta kidogo.

Shahamu ya mnyama gani? Hapo ndipo palipo na kiini cha mhadhara huu. Ghala la silaha la Calcutta lilinunua shahamu kwa wazabuni, na hakuna aliyefuatilia kwa makini ilitoka kwa mnyama yupi. Kwa askari Mhindu, shahamu ya ng'ombe ni jambo zito kupita kiasi. Kwa askari Mwislamu, mafuta ya nguruwe ni haramu na najisi. Sihitaji kulieleza hilo zaidi katika ukumbi huu. Kila mmoja wetu, awe wa dini gani, amekaa mezani na jirani mwenye miiko yake. Na kumbukeni kwamba katriji ilichanwa kwa meno.

Onyo lilikuwepo. Katriji zenye mafuta zilipopelekwa India mwaka 1853 kujaribiwa kama zitastahimili joto, Kanali Henry Tucker aliandika kwamba zisipewe askari wa Kihindi mpaka ijulikane kwa hakika kuwa mafuta yake hayagusi miiko yao. Alishauri zitumiwe na askari wa Kizungu peke yao. Katriji zilizungushwa mifukoni mwa askari ili kuona kama mafuta yanayeyuka. Yaani walilijaribu joto. Imani ya mbebaji hawakuipima.

Mwezi Januari 1857, huko Dum Dum, habari ikaenea kwamba kibarua wa tabaka la chini aliomba maji katika chombo cha askari wa tabaka la juu. Aliponyimwa, akamwambia kwamba tabaka lake halitakaa muda mrefu, maana atauma katriji zenye mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Tarehe 22 Januari ofisa mmoja, Kapteni Wright, aliiandikia ngazi ya juu kuhusu hofu hiyo. Serikali haikupuuza kabisa. Kabla ya mwezi kwisha iliagiza katriji zitolewe bila mafuta, na askari wapake mchanganyiko wanaoupenda wenyewe. Baadaye utaratibu wa kujaza ulibadilishwa ili katriji ichanwe kwa vidole badala ya meno.

Lakini imani ilikuwa imekwisha kuvunjika. Wengi waliona kuondolewa kwa mafuta ni ushahidi kwamba kweli palikuwa na kitu. Shaka ikahama kutoka kwenye mafuta ikaingia kwenye karatasi. Huko Berhampore, tarehe 26 Februari, kikosi cha 19 kilikataa katriji kwa sababu karatasi ilionekana kung'aa, nao wakaamini mng'ao huo ni mafuta. Tarehe 29 Machi, Barrackpore, askari Mangal Pandey aliwashambulia maofisa wake. Akanyongwa tarehe 8 Aprili. Tarehe 24 Aprili, huko Meerut, Kanali Carmichael Smyth aliwapanga askari 90 wa kikosi cha 3 cha wapanda farasi ili awaonyeshe utaratibu mpya wa kuchana kwa vidole. Katriji alizowapa zilikuwa za aina ya zamani, zile walizozizoea. Askari 85 walikataa kuzigusa, Waislamu na Wahindu pamoja. Tarehe 9 Mei walivuliwa sare na kufungwa minyororo mbele ya wenzao. Kesho yake, Jumapili, Meerut ililipuka, na usiku huohuo waasi wakaelekea Delhi.

Nisieleweke vibaya. Shahamu haikuwa chanzo pekee cha vita ile. Ufalme wa Awadh ulikuwa umetwaliwa mwaka 1856. Mwaka huohuo sheria ikawalazimisha askari wapya kukubali kupelekwa hata ng'ambo ya bahari. Na malalamiko ya mishahara na vyeo yalikuwa ya miaka mingi. Wanahistoria wanaendelea kubishana juu ya uzito wa kila sababu, na ni haki yao. Ninalosema ni la fundi, na sijaona likikaziwa inavyostahili.

Shahamu ya ng'ombe huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 40 na kidogo. Ndani ya mkoba wa ngozi, mgongoni mwa mtu, katika kiangazi cha nyanda za kaskazini mwa India, joto hilo hupatikana bila shida. Mafuta yakayeyuka, karatasi ikayanywa, baruti ikalowana, na asidi za shahamu zikaanza kuila risasi mpaka ikavimba. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Haina mnyama wa kuchinjwa ndani yake. Haiozi, na haishambulii risasi kama shahamu inavyofanya. Kwa hiyo mafuta yaliyofaa dini ya askari na mafuta yaliyofaa joto la nchi yake yalikuwa yaleyale. Lau wale wahandisi wangemwita mzee mmoja wa kikosi, Mhindu au Mwislamu, wakamuuliza angependa apake nini, jibu lake lingewaponya na maradhi ambayo walikuja kuyatibu wenyewe baadaye. Maana Waingereza waligeuza kipimo chao: nta ikawa sehemu kubwa, shahamu ikabaki kidogo tu. Wakaipunguza na risasi pia, kutoka inchi 0.568 hadi 0.55, ili iingie hata mtutu ukichafuka. Kufikia hapo Delhi ilikuwa imetekwa na kutekwa tena, maelfu kwa maelfu wamekufa, na utawala wa Kampuni umefutwa kwa sheria ya mwaka 1858.

Mimi hukumu yangu ni hiyo. Anayesema haki za mwenye kutumia chombo ni suala la pembeni, litakaloshughulikiwa baada ya wataalamu kumaliza kazi, na auangalie mfuko wa katriji wa mwaka 1857.

Hoja ya nne: karatasi ilibaki kwenye risasi, mafuta yakahamia ndani ya shaba

Mwaka huohuo wa 1857, upande wa pili wa dunia, Joseph Whitworth aliileta bunduki yake kwenye kituo cha Hythe, Uingereza, ishindanishwe na Enfield. Tundu lake lilikuwa na pembe sita na lilikuwa jembamba, inchi 0.451. Kwenye yadi 500 risasi zake zilitawanyika kwa wastani wa futi 0.37, za Enfield futi 2.24. Kwenye yadi 1,400 Enfield haikupata kitu, Whitworth iliendelea kupata. Hata hivyo jeshi halikuichukua. Bei ilikuwa kubwa, na tundu jembamba huzidiwa na masizi upesi kuliko pana.

Waliokuja kulitatua hilo ni wale waliorudi kwenye karatasi kwa uangalifu mpya. Nitaeleza namna yake, maana ni kazi ya mikono inayopendeza. Hukatwa karatasi nyembamba na imara ya pamba. Ncha zake hukatwa mshazari, ili ikiviringishwa mara mbili juu ya risasi, mwisho ukutane na mwanzo bila kupandana wala kuacha mwanya. Hulowanishwa maji, huviringishwa, na mkia wake husokotwa au kukunjwa chini ya kitako. Ikikauka hujikaza mpaka kucha haiwezi kuifungua. Risasi tupu huwa nyembamba kidogo kuliko tundu, na mizunguko miwili ya karatasi hulijaza karibu sawasawa.

Ila risasi ya namna hiyo haina mifuo ubavuni ya kubebea mafuta, kama zilivyo risasi nyingine. Mafuta yawekwe wapi? Jibu la mafundi lilikuwa kuyaweka nyuma yake. Katika katriji ya Martini-Henry, bunduki ya Waingereza ya mwaka 1871, risasi ilivikwa karatasi, na chini yake zikapangwa duara za ubao wa karatasi pamoja na kidonge cha nta ya nyuki, halafu pamba, halafu baruti. Mlipuko uliiponda nta ikasambaa kwenye kuta za mtutu nyuma ya risasi, ikayalainisha masizi kwa ajili ya risasi ifuatayo. Wajerumani walifanya vilevile katika Mauser yao ya mwaka huohuo: karatasi juu ya risasi, nta katikati ya duara mbili za karatasi nene. Ganda la shaba lilifunga yote. Hakuna aliyeuma kitu tena, wala kuona kilichopakwa.

Kwa wapiga shabaha, mtindo huo ulifika kileleni huko Creedmoor, kisiwa cha Long Island, New York, tarehe 26 Septemba 1874. Timu ya Ireland ilikuja na bunduki za Rigby za kujaziwa mdomoni. Wamarekani na Remington na Sharps za kujaziwa nyuma, zenye risasi za kuvikwa karatasi. Watu sita kila upande, yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani walishinda kwa alama 934 dhidi ya 931. Milner wa Ireland alipiga katikati ya shabaha isiyo yake, na ikahesabiwa sufuri. Mpiga shabaha wa Creedmoor alikuwa na nafasi ya kufuta mtutu wake kati ya risasi na risasi. Askari hakuwa nayo. Askari waliozingirwa Rorke's Drift, Afrika Kusini, usiku wa tarehe 22 Januari 1879, walipiga Martini-Henry zao mpaka mitutu ikawa ya moto na mabega yakavimba. Kidonge cha nta kilisaidia, miujiza hakikufanya.

Hoja ya tano: risasi hizi zilifika kwetu

Baruti isiyo na moshi iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884 ilifuta shida yote hii kwa nchi tajiri. Haiachi chumvi za potasiamu, na risasi zake zikavikwa koti la madini badala ya karatasi. Lakini silaha kuukuu hazitupwi. Hutafutiwa makoloni.

Mjerumani Hermann von Wissmann alipokuja mwaka 1889 kupigana na Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, askari wake walibeba Mauser za mwaka 1871. Risasi zilizorushwa Bagamoyo na Pangani zilikuwa za kuvikwa karatasi, na nyuma yake nta. Mwaka uliofuata mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia bunduki za mifereji na za kisasa kuuzwa kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara hili, ukaruhusu magobore ya mtutu laini na baruti ya kawaida. Kwa hiyo mtu wa Songea au wa Matumbi aliyeingia vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani mwaka 1905, kama alikuwa na bunduki, aliyo nayo mara nyingi ilikuwa gobore, lenye shida zote nilizozieleza katika hoja ya kwanza. Ule haukuwa ushamba wa teknolojia. Ulikuwa mkataba uliotiwa saini Ulaya.

Wajerumani nao walikamatwa na ubahili wao. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wao huku bado zilikuwa na Mauser za 1871, na moshi mweupe ulimwonyesha adui kila askari alipojificha. Baada ya mapigano ya Tanga ya mwezi Novemba mwaka ule, bunduki za kisasa zilizotekwa kwa Waingereza zilipokewa kama mali. Askari aliyekuwa Tanga, kwenye joto na unyevu wa pwani, aliujua ute wa masizi kuliko mkemia yeyote, naye hakuacha kitabu.

Ndugu zangu, hayo ndiyo niliyokuja nayo. Kabla sijashuka, nina maombi mawili, na yote yanahusu miaka inayokuja.

La kwanza ni kwa makumbusho yetu na kwa vyuo vinavyofundisha watunzaji wake. Bunduki za baruti nyeusi tulizo nazo zinaliwa kwa ndani. Chumvi zilizobaki miferejini tangu karne iliyopita bado zinavuta unyevu kila masika, na kupaka mafuta ya mashine juu yake ni kufunika kidonda kichafu. Tunahitaji vijana wanaojua kemia hii, watakaoondoa chumvi kwa maji yaliyosafishwa na kukausha chuma kabla ya kukipaka. Na katriji za zamani zikipatikana, karatasi, nta na pamba yake zichunguzwe na kuhifadhiwa kama chuma chenyewe. Nta iliyomo inaweza kupimwa maabara ikatuambia imechanganywa na nini. Hilo ni somo la shahada, na natumaini kuna mwanafunzi hapa atakayelichukua.

La pili ni kwa kila mwenye gobore la babu juu ya dari au nyuma ya kabati. Baruti nyeusi ikiwa kavu haichakai. Iliyoshindiliwa miaka 80 iliyopita inaweza kulipuka leo. Usilijaribu, usilisugue, usiingize kitu mdomoni mwake, usiwape watoto walichezee, na usilisafirishe mwenyewe. Kawaone polisi kwanza, sheria inataka hivyo, uwaombe walifanye salama na kuwaita watu wa makumbusho kabla halijateketezwa. Kisha muulizeni mzee aliye hai nyumbani lilitoka wapi, na muandike jibu lake wiki hii.